Kitu Cheupe Kando ya Zinia

Ua lililoota kwenye kaburi la baba yangu lilinifikia kwa simu juzi asubuhi, likiwa limeandikwa maneno ya kunitakia siku njema. Lilikuja katika kundi la sisi tunaofanya kazi pamoja hapa Arua. Mwenzetu mmoja, kabla hata hajanywa chai, hututumia picha za namna hiyo kila siku: ua, matone ya umande, maneno ya baraka kwa herufi za dhahabu. Kwa kawaida sizifungui. Hii niliifungua kwa sababu ya rangi yake. Ni zinia nyekundu, nyekundu iliyokolea hadi kukaribia zambarau. Petali moja ya upande wa kulia imeliwa na mdudu ikabaki na pengo kama la jino lililong'oka, na nyuma ya ua, mbali kidogo, kuna ukuta wa bluu uliobabuka. Pengo lile nalijua. Siku picha hiyo ilipopigwa nilikuwa nimechuchumaa kando, nikiwafukuza kuku.

Kwenye kona ya chini, upande wa kushoto, kuna kitu cheupe. Herufi za dhahabu zimekifunika nusu.

Baba alizikwa Koboko, katika kiwanja chetu, kando ya nyumba, kama watu wa kwetu wanavyozikwa. Leo kiwanja hicho ni cha wengine na hakuna alama yoyote ya kaburi. Upande mmoja imejengwa stoo ya saruji. Upande mwingine uko wazi, na mwenye kiwanja wa sasa, mtoto wa yule Hajji aliyekinunua, anataka kuujenga pia. Ni kijana mwenye adabu. Nilipomfuata mwezi uliopita aliniambia, "Dada, mimi sitaki kujenga juu ya mutu. Nionyeshe tu mahali, nitaacha." Sikuweza kumwonyesha. Mama naye, aliyelimwagilia kaburi hilo kwa mikono yake, alizunguka pale na viatu mkononi, akarudi barabarani bila kupaona. Anakumbuka kwamba lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni. Lakini mlango haupo, nyumba haipo, njia ya kuelekea jikoni haipo. Kilichobaki ni ule ukuta wa bluu wa jirani tu, na ukuta huo ni mrefu. Wachimbaji wa msingi wanaingia Jumatatu.

Ndiyo maana kitu cheupe kina uzito. Maua yalikuwa yamelizunguka kaburi pande zote, lakini jiwe la kichwani lilikuwa moja, na mama alilipaka chokaa. Kama kile cheupe ni ncha ya jiwe, basi ukilinganisha na ukuta, kaburi liko penye uwazi na linaweza kunusurika. Kama ni beseni la mama la kumwagilia, ambalo nalo lilikuwa jeupe, basi jiwe lilikuwa upande wa pili, nje ya picha, na stoo imesimama juu ya baba miaka yote hii.

Baba simkumbuki. Alikufa nikiwa bado nabebwa mgongoni. Nilipokuwa nikisema "baba", nilikuwa nikimaanisha lile jiwe. Nililisalimia nikitoka shule. Kila Idi ilipokaribia, mama alikoroga chokaa kwenye kopo la maziwa ya unga, akafunga kitambaa kwenye kijiti, akalipaka upya, nami kazi yangu ilikuwa kushika kopo. Harufu ile kali inayokausha pua, iliyochanganyika na ya udongo uliotoka kumwagiwa maji, ndiyo harufu ya utoto wangu. Mpaka leo nikipita mahali wanapopaka ukuta chokaa hugeuka kutazama, kana kwamba kuna mtu ameniita.

Mama hakuwa mtu wa Koboko. Alizaliwa Ayivu, kwa Walugbara, katika nyumba ya kanisa, akaolewa na baba, akasilimu, akafuata. Kikakwa, lugha ya kwa kina baba, hakukishika sawasawa. Na wakwe zake walizungumza naye Kiswahili, kile cha soko na cha kambi ya jeshi ambacho babu alirudi nacho kutoka kazini, ambacho kila mtu pale alikizungumza na hakuna aliyekiita chake. Mbegu za zinia alizitoa kwao, zimefungwa kwenye pindo la kitenge. Alipoanza kuzipanda kuzunguka kaburi, shangazi yangu alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama Zena, hii iko mambo ya kanisa. Mutu ya Islamu hawekewi maua."

Aliyemjibu hakuwa mama. Alikuwa Baba Mdogo Swali, mdogo wake baba wa tumbo moja, ambaye alikuwa ameketi kwenye kigoda akifuta kamera yake.

"Wacha maua, dada. Kaka yetu iko ndani ya ardhi. Wewe unataka aangalie vumbi tu?"

Shangazi alisonya akaingia ndani. Mama aliendelea kufukia mbegu, lakini nilimwona akimtazama shemeji yake kwa jicho la shukrani. Hili naliandika mapema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Alikuwa upande wetu. Maua yale yaliota kwa ruhusa yake.

Baba Mdogo alikuwa mpiga picha Arua. Alipiga harusi, mahafali, picha ndogo za vitambulisho, na kati ya hizo alitengeneza kadi na kalenda za maua alizouza madukani. Siku za kazi alikuwa mjini. Ijumaa alipanda gari la Koboko, akaswali msikitini kwetu, akala kwa mama, kisha akatoka nje na kamera. Alilala chini kwa tumbo, na kanzu yake nyeupe, akipiga zinia kwa chini ili zionekane ndefu kuliko nyumba. Watoto wa jirani walikuja kumcheka. "Mzee, umeanguka?" "Eeh, nimeanguka," alijibu bila kuinua kichwa, "njoo uniokote." Ijumaa iliyofuata alirudi na bahasha ya picha za majaribio, nasi wawili tukaketi mkekani kuzichagua.

Alikuwa na vipande viwili vya kadibodi, vilivyokatwa kutoka boksi la sabuni, kila kimoja na umbo la herufi L. Ukivilaza juu ya picha, kimoja huku na kingine kule, vinafanya mraba wenye uwazi katikati. Ukivisogeza, uwazi unapanuka au unabana. Aliuita dirisha. Kabla ya kukata picha kwenye kompyuta yake kule Arua, aliikata kwanza hapa mkekani kwa macho, halafu akaweka alama kwa kalamu pembeni. Mikono yake ilikuwa mikubwa, lakini vile vipande alivisogeza kidogo kidogo, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto.

"Unaona nini?" aliniuliza.

"Ua."

"Nini ingine?"

"Kuku."

"Kuku iko takataka. Toa."

Nilisogeza kadibodi. Kuku akatoweka. Nilifurahi kupita kiasi. Sikuwa nimewahi kupewa uwezo wa kukifanya kitu kisiwepo.

"Sasa unaona nini?"

"Ua. Na ndoo. Na jiwe la baba."

"Toa."

Nilitoa ndoo. Mkono wangu ukasimama.

"Baba Mdogo, jiwe la baba iko takataka?"

Alitazama kwanza upande wa jikoni, mama alikokuwa akisonga enyasa, ule ugali wa kwetu, na kijiko cha mti kikigonga sufuria. Kisha akainamisha kichwa karibu na changu.

"Kwa picha, Zena. Kwa picha tu."

Akasogeza kadibodi yeye mwenyewe. Jiwe likatoka.

Nilitaka jiwe libaki. Nilibishana naye, Ijumaa baada ya Ijumaa, kwa ubishi wa mtoto asiye na maneno: nilirudisha kadibodi nyuma, yeye akaisogeza mbele. Niliona kwamba ua bila jiwe lilikuwa kama limeelea, halina mwenyewe. Yeye alisema jiwe linavuta jicho. Mwishowe nilijipatia maelezo yangu, nikatulia. Mama alikuwa akilia kila alipopaka chokaa, kimya kimya, machozi yakidondoka kwenye kopo nililolishika mimi. Nikaamua kwamba Baba Mdogo analitoa jiwe ili mama aweze kuitazama picha bila kulia. Niliuona kuwa wema mkubwa sana. Nilimpenda kwa ajili hiyo.

Lakini kila alipolikata, nilikimbia nje kuhakikisha. Jiwe lilikuwepo. Niliugusa ule weupe, vidole vikabaki na unga, nikarudi kuketi. Kuku naye alikuwepo, lakini kuku sikuhangaika naye.

Mama alizitazama zile picha akiwa amesimama, akifuta mikono kwenye kitenge. Kulikuwa na moja ambamo alikuwa ameshika shina la ua ili upepo usilitikise, na mkono wake ulionekana hadi kifundo. Baba Mdogo alikuwa ameweka alama ya kalamu juu kidogo ya vidole.

"Shemeji," mama alisema, "mimi pia iko takataka?"

Alisema kwa utani, naye alicheka.

"Mkono yako iko na udongo, shemeji. Watu hawanunui udongo."

Kalenda moja ilitundikwa ukutani kwetu. Wageni waliisifu. "Hii iko Nairobi?" waliuliza, na mama, ambaye hakuwa mtu wa majivuno, alifurahi kusema, "Iko hapa nje." Basi walitoka kwenda kuona, wakakuta vimaua vichache vyenye vumbi la malori ya Juba, kuku, ndoo, jiwe la chokaa. Walirudi ndani wakaitazama tena kalenda, kama watu waliodanganywa na wasijue ni nani aliyewadanganya.

Halafu bibi yangu mzaa mama alifariki, tukaenda Ayivu. Mama alikaa matanga yote, kisha akabaki kumsaidia ndugu yake kuvuna maharage, na mimi nikazoea kwenda mtoni na watoto wa huko, nikasahau. Tuliporudi Koboko ilikuwa mchana, jua kali, na kitu cha kwanza nilichokiona kutoka barabarani ni kwamba ukuta wa bluu wa jirani ulikuwa unaonekana wote. Hapo awali nyumba yetu iliuficha.

Nyumba ilikuwa imebomolewa. Mabati yalikuwa yamepangwa vizuri kando, na vyombo vyetu viko kwa jirani, vimefunikwa kwa turubai kwa uangalifu. Uwanja ulikuwa umesawazishwa, mwekundu, umenyunyiziwa maji ili vumbi litulie. Zinia hazikuwepo hata shina moja. Mama aliutua mzigo wake chini. Alianza kutembea kutoka pale alipodhani mlango ulikuwa, akihesabu kwa midomo, akasimama, akarudi, akaanza tena mahali pengine.

Mimi nilitafuta jiwe. Niliyoyafikiri wakati ule naweza kuyaeleza kwa usahihi, kwa sababu hayajawahi kuniondoka: nilifikiri Baba Mdogo amelitoa mara nyingi mno. Nilifikiri picha imeshinda. Kando ya barabara kulikuwa na lundo la kokoto za msingi, mawe yaliyopasuliwa kwa nyundo, na katikati yake nilikuta kipande chenye upande mmoja mweupe. Nilipokigusa, vidole vilibaki na unga.

Kesi ya mama dhidi ya Baba Mdogo, ambaye ndiye aliyemuuzia Hajji kiwanja, ilisikilizwa kwenye baraza ya mwenyekiti wa kijiji, chini ya mabati, watu wameketi kwenye mikeka na mabenchi. Baba Mdogo alikuja amevaa vizuri, amebeba bahasha. Hakukana kwamba kaka yake alizikwa. Alisema hakuzikwa pale. Alisema kaburi liko chini, karibu na la babu, kwenye ardhi ambayo haijauzwa na haitauzwa. Pale juu karibu na barabara, palipouzwa kwa Hajji, palikuwa bustani ya shemeji yake tu. Mjane hakufukuzwa, alisema. Anaweza kujenga chini, karibu na mumewe.

Mama alisimama. Kiswahili chake, akiwa na hasira, kilikuwa kifupi.

"Shemeji. Wewe uliingia ndani ya shimo. Wewe ulishika kichwa yake. Sema mbele ya watu."

"Shemeji, mimi nilishika, ndiyo. Kule chini." Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio ambao sijausamehe. "Wewe ulilia sana siku ile. Mutu akilia sana hawezi kujua mahali."

Walikuwepo wazee waliohudhuria mazishi. Mmoja alikuwa amechimba kaburi kwa jembe lake. Mwenyekiti alipomgeukia, alikohoa, akasema mazishi yalikuwa mengi miaka ile, na kwamba anakumbuka lilikuwa "karibu na nyumba", na wote walitazama kule ambako hakukuwa na nyumba. Hajji alikuwa mtu mkubwa. Shangazi yangu alikuwa ameketi pale pale, akichezea uzi wa mkeka. Hakusema lolote kuhusu maua ya kanisa.

Ndipo Baba Mdogo akafungua bahasha. Alitoa zinia zake, moja moja, zikapita mkono kwa mkono.

"Angalieni wenyewe. Hapa ni pale pale, ukuta ya jirani iko hapa nyuma. Kaburi iko wapi?"

Watu walizitazama. Mwanamke mmoja alisema, "Wai, maua mazuri," kisha akaona haya. Picha ya petali yenye pengo ilifika kwa mama, mama akanipa mimi. Niliiweka mkekani. Nilijua picha hiyo kabla haijakatwa, nilikuwa nimeishindania. Nikaweka kidole pale jiwe lilipokuwa, nje ya ukingo wa picha, juu ya mkeka; upande gani, leo sikumbuki tena.

"Jiwe iko hapa," nilisema.

Walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama watu wanavyomcheka mtoto. "Mtoto anaonyesha mkeka," mmoja alisema, na wengine wakacheka zaidi kwa sababu ilikuwa kweli. Nilitoa kile kipande cheupe mfukoni. Baba Mdogo alikipokea, akakigeuza, akanirudishia.

"Mawe ya chokaa iko kila nyumba, Zena," alisema.

Na hilo pia lilikuwa kweli. Kila njia Koboko ilikuwa imepangwa mawe ya chokaa.

Tulihamia Ayivu. Mama hakukubali kujenga chini. Alisema hawezi kuishi karibu na kaburi la uongo. Alirudi kwa kaka yake, akapewa shamba la muhogo, akaitwa mke aliyerudi, jina ambalo hulivai kwa siku moja ukalivua. Aliendelea kuswali peke yake katika nyumba ya Wakristo, na hakuna aliyemkataza. Hakupanda zinia tena. Niliwahi kumwuliza, aliniambia muhogo hauhitaji kuangaliwa.

Nilipokua nilijaribu kuyapanga mambo haya moja baada ya jingine, kama mtu anayetafuta uzi ulikokatika. Baba Mdogo alianza kulikata jiwe kwenye picha zamani, kabla Hajji hajafika Koboko kutafuta kiwanja cha barabarani. Hilo nina hakika nalo, kwa sababu kalenda ya kwanza ilitundikwa kabla sijaanza shule na Hajji alikuja nikiwa nasoma. Basi huenda alikata kwa sababu aliyoisema, kwamba jiwe linavuta jicho. Huenda alikuwa mtu aliyependa maua, na siku moja aliitazama kazi yake mwenyewe ukutani kwetu, akaona kiwanja kizuri kisicho na maiti. Au huenda alijua tangu siku ya kwanza, tangu alipomwambia shangazi awache maua, na sisi wote, mama na mbegu zake, mimi na kadibodi yangu, tulikuwa tunamtengenezea. Sijui ipi kati ya hizo ni mbaya zaidi. Kuna miaka niliamini kwamba alijua tangu mwanzo, kwa sababu hilo ni rahisi kulichukia. Siku hizi ile ya mtu aliyependa maua tu ndiyo inayonikosesha raha.

Juzi, baada ya kuiona picha, nilimwuliza mwenzetu aliitoa wapi. Aliitoa kwenye kundi la kwaya ya kanisa lao. Nilimpigia mwanakwaya, yeye aliipata kwa binamu yake, binamu aliikuta katika kundi la watu wa harusi fulani na hamjui aliyeiweka. Wote walikuwa nayo ile ile, yenye maandishi. Mmoja aliniuliza kama nataka nyingine nzuri zaidi, ana za mawaridi.

Ilibaki namba moja. Baba Mdogo yuko Juba, alihamia kwa mwanawe, na tangu kesi ile nilikuwa sijazungumza naye. Sauti yake imekuwa nyembamba.

"Zena! Zena ya kaka yangu?"

"Ndiyo, Baba Mdogo. Natafuta picha nzima ya zinia. Ile ya petali iliyoliwa. Kabla ya kukatwa."

"Ooh." Nilisikia akicheka kidogo, kwa furaha, mtu aliyekumbushwa ujana wake. "Ile ilikuwa picha! Mpaka leo inatembea?"

"Inatembea. Nataka nzima."

"Kompyuta ile ilikufa zamani, binti yangu. Yote ilikwenda."

"Basi niambie kwa mdomo. Jiwe lilikuwa upande gani wa ua? Kushoto ama kulia?"

Nyuma yake kulikuwa na watoto na redio.

"Jiwe gani?" alisema.

Nilimwambia jiwe la baba. Nilimwambia hakuna anayemshtaki, kesi ilikwisha, Hajji mwenyewe alishakufa, mtoto wake amekubali kuacha mahali, mama amechoka, anataka tu kusimama pale mara moja na kumwombea mumewe akijua kwamba yuko chini ya miguu yake. Nilisema yote hayo kwa utaratibu, bila kupandisha sauti. Kisha akasema, "Kwa picha ile mimi sikumbuki jiwe," na sijui, na sitajua, kama huo ni uongo, au kama ukikitoa kitu mara nyingi kwa mikono yako hatimaye kinatoka na kichwani.

Jana nikachukua boda hadi Ayivu. Mama alikuwa ameanika muhogo juu ya mwamba nyuma ya nyumba. Nilimpa simu, akaishika mbali na uso, mkono umenyooka. Alilitambua ua kabla sijasema kitu.

"Hii ilikuwa yangu," alisema. Halafu akasoma yale maandishi ya dhahabu, polepole, akitamka kila neno. "Nani anaandika juu ya kaburi ya mutu?"

Nikamwonyesha kona. Niliivuta picha kwa vidole viwili. Kitu cheupe kilikua, kikajaa kioo chote, kikawa ukungu mweupe wenye kipande cha herufi juu yake. Picha ilikuwa kubwa zaidi, lakini haikuongezeka upande wowote. Niliisukuma kushoto, niliisukuma chini, na kila mara niligonga ukingo ule ule.

"Iko jiwe," mama alisema. Alisema haraka, kama mtu anayemwona ndugu yake sokoni.

Nilipumua. Nilianza kumwandikia yule kijana wa Koboko. Kisha mama akanigusa mkono.

"Ngoja. Siku ile nilikuwa ninamwagilia?"

"Sikumbuki, Mama."

"Kama ardhi iko na maji, nilikuwa ninamwagilia. Kama nilikuwa ninamwagilia, beseni yangu iko hapo." Alininyang'anya simu, akaisogeza karibu na jicho hadi ikagusa kope. "Ardhi iko na maji?"

Udongo kwenye picha ni mweusi. Unaweza kuwa umelowa. Unaweza kuwa ni kivuli tu. Tuliuangalia hadi jua likahama mwambani na muhogo ukahitaji kugeuzwa, tukaugeuza, tukarudi kuangalia. Jioni alisema ni jiwe, bila shaka yoyote, kwa sababu beseni lake lilikuwa na mstari wa bluu ukingoni na hapa hakuna mstari. Wakati wa kula alisema mstari wa bluu ungekuwa pale pale chini ya herufi.

Leo ni Jumapili. Ndugu zake wamekwenda kanisani, sisi tumebaki uani. Yule kijana ameandika tena: "Dada, vijana wanakuja kesho na majembe. Niwaambie waache wapi?" Nimemsomea mama. Amefuta mikono kwenye kitenge, akaniomba nimfungulie picha tena.